Nusu Mtu kwa Chaki

Mapenzi yana vituko vyake. Mwingine akipenda huimba, mwingine akipenda hukonda. Tepe yeye alipenda, akapiga magoti nje ya geti la hospitali, asubuhi ya watu kwenda kazini, chaki mkononi, akaanza kumchora mwanamume aliyemwambia wasionane tena.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ya utepe wa kupimia usiobanduka shingoni mwake. Hata sokoni alikwenda nao. Alikuwa fundi cherehani, binti wa fundi cherehani, na nguo ya kumshinda ilikuwa bado haijafumwa. Kilichomshinda kilikuwa ghorofani, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Hapo alilala mpenzi wake, Mwalimu wa hesabu, mwenye seli mundu, ule ugonjwa wa damu anaozaliwa nao mtu. Safari hii ulikuwa umemkamata vibaya. Alihitaji kuongezewa damu, na damu haikuwapo.

Juzi Mwalimu alikuwa amempigia simu.

"Tepe, usije tena."

"Leo nisije? Nitakuja kesho."

"Usije kabisa. Nimechoka kukuona ukinitazama kama nguo inayochanika na wewe huna uzi."

Kisha akakata. Tepe alikwenda mbio mpaka mlango wa wodi, na pale mlangoni nesi akamshika mkono. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutoa habari mbaya kwa upole.

"Mdogo wangu, mgonjwa akikataa wageni nafuata neno la mgonjwa. Lakini badala ya kulia hapa, nitafutie watu wa kutoa damu. Wewe umeshatoa, kundi lako si lake, lakini umetoa. Sasa waambie na wengine. Jokofu letu limebaki na baridi tu."

Ndiyo maana leo Tepe alikuwa hapa, na boksi la chaki za rangi ambalo Mwalimu alilisahau dukani kwao siku alipokuja kufuata suruali. Hakuwa mchoraji. Alichojua ni kuchora mtu kwa vipimo, na vipimo vya mtu huyu havikuhitaji utepe. Alianza na shingo. Akashuka begani, akateremka na mkono mpaka kifundo, akarudi kwapani, akafuata mbavu, nyonga, paja, mpaka unyayo. Mstari ulitoka bila kusita, mweupe juu ya saruji. Kando yake akaandika kwa nyekundu: HUYU ANASUBIRI DAMU.

Alipoinua kichwa, mlinzi wa geti alikuwa amesimama juu yake, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Dada, samahani. Huyu mtu wako kapasuliwa na nini?"

Tepe akatazama.

Alikuwa amechora nusu mtu. Upande wa kushoto tu: nusu ya shingo, bega moja, mkono mmoja, mguu mmoja, na katikati mstari ulionyooka kuanzia juu mpaka chini. Fundi cherehani hukunja kitambaa ndipo akachora. Huchora nusu, akikata na kukunjua anapata mtu mzima. Mkono wake ulikuwa umefanya hivyo tangu utotoni, na asubuhi hii, kwa haraka na kwa machozi, ulifanya vile vile. Ila saruji haikunjwi.

Watu walianza kusimama.

"Nusu nyingine labda iko kwa mke mdogo," alisema mama mmoja aliyebeba chupa ya chai ya mgonjwa.

"Au amekonda sana," akadakia kijana mmoja wa shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. "Hospitali hii chakula chake nakijua."

Wakacheka. Tepe akavuta chaki amalizie upande wa pili, na hapo ndipo simu ilipolia mfukoni.

Mwalimu.

"Geuka nyuma. Juu," sauti ilisema.

Akageuka. Ghorofani, nyuma ya kioo, alisimama Mwalimu amejishikilia kwenye chuma cha kutundikia dripu. Uso ulikuwa umechongoka, macho yamekuwa ya manjano kidogo, lakini yalikuwa yale yale yaliyomtazama siku ya kwanza dukani, alipokuja kupunguzwa mikono ya shati. Siku hiyo Tepe alimpima bega, akalipima tena. Mwalimu akasema, "Fundi, hilo umeshalipima." Tepe akajibu, "Limebadilika." Mambo yote yalianzia kwenye uongo huo mdogo.

"Lala kitandani wewe," Tepe alisema. "Nani kakwambia usimame?"

"Wodi nzima iko madirishani. Wananiambia kuna mwanamke anachora maiti nje."

"Si maiti. Ni wewe."

"Najua ni mimi. Nani mwingine bega lake limeshuka hivyo?"

Kumbe hata kutoka kule juu aliliona. Bega la kushoto la Mwalimu lilikuwa limekaa chini ya la kulia, kwa sababu maumivu yalipokuja yalipenda kuanzia hapo, na miaka mingi ya kulikunjia uchungu ilikuwa imelishusha. Kwenye kila shati lake Tepe aliweka kipande cha kitambaa kwa ndani ili mabega yalingane. Hakuna aliyejua isipokuwa wao wawili.

"Kwa nini ulinifukuza?" aliuliza.

Mwalimu akasema, "Mama yako alikuja."

"Mama yangu? Hapa?"

"Aliniletea maji ya kunywa. Akanitandikia shuka vizuri, akaikunja pembeni kama anatengeneza pindo. Halafu akaniambia, 'Mwanangu, kama unampenda, mwache.'"

"Alikuita mwanangu?"

"Ndiyo maana iliniuma. Angenitukana ningebishana naye."

Tepe aliegemea nguzo ya geti. Chaki ilimvunjikia mkononi na hakuhisi.

"Na wewe ukakubali. Mtu wa hesabu mzima, ukakubali hesabu ya mwenzio bila kuirudia."

"Nimeirudia usiku kucha, Tepe. Kila nikiipiga inatoka ile ile. Wewe unabaki peke yako."

"Basi umekosea pale mwanzo. Mimi peke yangu niko sasa hivi. Hapa kwenye jua, nimechora nusu mtu, watu wananicheka."

Kule juu aliona mabega yale yasiyolingana yakitikisika. Alikuwa anacheka. Alipocheka aliumia, na alipoumia alizidi kucheka.

"Nifute?" Tepe akauliza kwa sauti ndogo. "Nichore upya, mzima?"

"Usifute." Sauti yake ilikuwa imepata uhai, ile sauti ya mbele ya darasa. "Acha nusu hivyo hivyo. Anayetoka kutoa damu, mwambie alale upande wa pili, umchore yeye."

Tepe akatazama saruji. Akaiona picha itakavyokamilika.

"Na hayo maneno yako hayamsimamishi mtu," Mwalimu aliendelea. "Watu wanapita. Andika: NUSU NYINGINE IKO KWAKO."

"Bado hujaniambia kama naruhusiwa kupanda juu."

"Tepe…"

"Haya. Nimekusikia."

Akaweka simu mfukoni na kuandika. Herufi zilimtoka kubwa, nyekundu, zenye hasira na mapenzi ndani yake. Mlinzi akazisoma kwa sauti, akavua kofia.

"Mimi nilitoa mwezi uliopita, hawataniruhusu tena," alisema. Kisha akamgeukia kijana wa shati la pasi. "Wewe mchekeshaji je?"

"Mimi? Mimi naingia kazini."

"Kazini watakusubiri. Huyu wa juu hawezi."

Kijana akatazama dirishani. Mwalimu akampungia mkono, taratibu, kama mtu anayeomba radhi kwa usumbufu. Kijana akashusha pumzi.

"Lakini silali chini na shati hili."

"Utalalia gazeti langu," mlinzi akasema. "Habari zenyewe za jana."

Alipotoka ndani, pamba imebandikwa mkononi, alilala juu ya gazeti na Tepe akamchora kwa chaki ya samawati. Alikuwa mfupi kuliko Mwalimu. Sikio lake lilifika kwenye bega la mwenzake, na unyayo wake uliishia kwenye kifundo cha mguu. Nusu mbili hazikulingana hata kidogo, lakini zilikuwa mtu. Mama wa chupa ya chai, yule wa mke mdogo, alilitazama umbo lile kwa muda mrefu.

"Na mimi nichore," akasema. "Ngoja nimpelekee mgonjwa chai yake, nipite kule ndani, nirudi."

Jua lilipopanda, njia ya watembea kwa miguu ilikuwa imejaa maumbo. Upande wa kushoto wa kila umbo ulikuwa Mwalimu, na wa kulia alikuwa mtu mwingine: mwanamke mnene, mzee mwembamba, msichana wa kusuka aliyesisitiza nywele zake zichorwe zote. Wapita njia walikanyaga pembeni kwa adabu, kana kwamba kuna watu waliolala. Nesi alichungulia getini, akaziba mdomo kwa kiganja, akarudi ndani mbio kwa sababu foleni ilikuwa inamsubiri.

Tepe alikuwa amechora tena nusu ya Mwalimu, ikimsubiri mtu, alipoona mbele yake viatu vyeusi alivyovijua. Vilikuwa vya mama yake.

"Inuka."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Inuka."

Tepe akainuka, magoti meupe, mikono ya rangi zote. Mama alikuwa amevaa aproni ya kazi, pini zimejipanga kifuani. Alikuwa ametoka dukani kama alivyo.

"Gauni la bibi harusi liko mezani halina mikono," Mama alisema. "Wateja wananiambia binti yako yuko hospitali anapaka watu chaki. Nimefunga duka. Duka nililolifunga siku tuliyomzika baba yako, leo nimelifunga tena. Kwa ajili ya hili?"

"Kwa ajili ya huyu, mama."

Mama hakumtazama yule wa dirishani. Alitazama chini, na jicho la ufundi likamtangulia kabla hasira haijafika.

"Bega umelishusha."

"Ndivyo lilivyo. Maumivu yamelishusha."

"Na nyonga umeiingiza."

"Akisimama huegemea mguu wa kulia. Wa kushoto humuuma asubuhi."

Mama alifuata mstari wote kwa macho, kutoka shingoni mpaka unyayoni, kama anayetafuta kosa na halioni.

"Umempima mpaka maumivu," alisema mwishowe, na haikusikika kama lawama. Kisha akajikumbuka. "Ndilo hilo ninaloliogopa. Kwa nini ujifunze kushona kitu unachojua kitachanika?"

"Mama, nilikwambia nimepima. Sina ugonjwa huo wala siubebi. Watoto hawataugua."

"Sikuulizi watoto ambao hawajazaliwa. Nakuuliza wewe uliyezaliwa." Akairekebisha pini moja kifuani. "Baba yako alikuwa mzima kama chuma. Alitoka asubuhi anapiga mluzi, jioni wakaniletea viatu vyake. Wewe ulikuwa tumboni. Ujane, mwanangu, ni nguo isiyopunguzwa wala kuongezwa. Wanakuvika, ikikubana ikubane. Mimi sikuiona ikija. Wewe unaiona, imetundikwa mbele yako, na bado unanyoosha mkono!"

Watu waliokuwa karibu walijifanya kusoma gazeti la mlinzi, ambalo sasa lilikuwa na alama za visogo.

Tepe hakupandisha sauti. Alimshika mama yake mkono, chaki na yote.

"Baba alikuwa mzima kama chuma. Uzima huo ulikukinga na nini?"

Mama akatazama viatu vyake.

"Siku ya posa ungeambiwa utakuwa naye muda ule tu, ungemkataa?"

Kitu kilipita usoni mwa Mama, haraka, kama kitambaa cha rangi kinachopepea dukani mtu akipita, na Tepe akamwona, kwa mara ya kwanza maishani, msichana aliyewahi kumsikiliza mwanamume akipiga mluzi asubuhi.

"Una mdomo," Mama alisema.

"Umenirithisha."

Mama akajifuta vidole vyenye chaki kwenye aproni, akazunguka ile nusu iliyokuwa inasubiri bila kuikanyaga, akaingia getini.

"Mama! Unakwenda wapi? Mama, mwache, ni mgonjwa!"

Hakugeuka. Tepe akatoa simu, vidole vikiteleza.

"Mwalimu, mama anapanda huko!"

"Nivae shati?"

"Nani kauliza shati? Jifunike, jifanye umelala!"

"Anajua niko dirishani, Tepe. Nitalalaje?" Kisha akaongeza, "Nitavaa lile ulilonishonea. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nimependeza."

Wakasubiri, yeye juu, Tepe chini, simu masikioni, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake. Mlango wa wodi haukufunguliwa. Getini akina fulani walitoka, akina fulani wakaingia. Mama hakuonekana juu wala chini.

"Hajafika?" Tepe aliuliza tena.

"Hajafika. Labda amepotea."

"Mama yangu hapotei."

"Tepe." Sauti ilikuwa karibu sana, kana kwamba kioo na ngazi zote zile hazikuwapo. "Vyovyote atakavyosema. Niliposema usije tena, nililia. Nilitaka ujue."

"Nilijua. Ulikata simu haraka mno."

Alikuwa anajipangusa macho, akijipaka chaki ya samawati mashavuni, mlinzi alipokohoa kwa kusudi. Tepe akageuka.

Mama alikuwa anatoka mlango wa benki ya damu, taratibu, kama mtu anayevuka daraja la ubao. Mkono mmoja ulikuwa umekunjwa kwenye kiwiko, na ndani ya kiwiko palikuwa na pamba. Nesi alimshika upande wa pili.

"Sijapata kuona," nesi alisema akicheka. "Fundi cherehani, pini zimemjaa kifuani, anaogopa sindano!"

"Sindano nimeishika maisha yangu yote," Mama alisema kwa heshima yake iliyobaki, "lakini kwa upande wa uzi."

"Na nimemwambia, damu itakwenda kwa mgonjwa anayelingana nayo. Huenda isiwe yule."

"Imwendee yeyote. Mungu anajua nilimnyooshea nani mkono."

Akamsogeza nesi kando. Mbele ya mlinzi, mbele ya foleni, mbele ya wodi nzima iliyojaa madirishani, fundi ambaye hakuwahi kukaa kwenye kiti bila kukipangusa alivua viatu, akavipanga pembeni, akalala chali juu ya saruji kando ya nusu ya Mwalimu. Akafumba macho.

"Chora. Unanitazama nini?"

Tepe alichora. Machozi yalidondoka kwenye mstari na chaki ikashika vizuri zaidi. Kichwa cha Mama kilifika kifuani kwa Mwalimu tu, na mkono wake mfupi, mnene wa kazi, ukakaa karibu na mahali ambapo moyo wa mtu huwa.

"Mama, mkwe umempata mrefu," mlinzi akasema.

"Nani kataja mkwe? Ninyanyue."

Akanyanyuliwa. Akaisoma ile picha, kichwa pembeni, midomo ameibana, kama anavyokagua kazi ya mwanafunzi.

"Nani alikufundisha kukata bila nafasi ya mshono?"

"Mama, hii si nguo."

"Lete chaki."

Akainama kwa shida na kuanza kuchora mstari wa pili nje ya ule wa kwanza, upana wa kidole, kuwazunguka wote wawili, yeye na Mwalimu, kwa mstari mmoja usiokatika.

"Hii inaitwa nafasi," alisema, akichora, bila kumtazama mtu. "Mtu akinenepa unaachia. Akikonda unaingiza. Sisi na baba yako tulikata bila nafasi. Tulidhani kitambaa ni kingi." Mstari ukakutana na mwanzo wake. "Ninyi mnajua si kingi. Pengine mtashona vizuri zaidi. Nipe simu."

Tepe akampa. Mama akaishika mbali kidogo na sikio.

"Mwalimu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lile neno nililokwambia juzi."

"Nalikumbuka mama."

"Lifute. Si ni kazi yako kufuta ubao?"

Mama akahamishia simu sikio la pili.

"Na ukitoka humo upite dukani nikupime mwenyewe. Huyu wangu anakupima kwa macho ya mapenzi, atakuja kukubana kwapani."

"Nipimwe nguo gani, mama?"

"Uje kwanza," Mama alisema, akamrudishia Tepe simu, akaenda kuvaa viatu vyake.

Tepe akainua macho. Nyuma ya kioo alisimama Mwalimu ndani ya shati la samawati, mabega yamelingana. Hakupunga mkono. Alikiweka kiganja juu kabisa ya dirisha, akakishusha, akakipandisha, akakishusha tena, polepole, kona hadi kona, kama anavyofuta ubao mwalimu ambaye hataki libaki hata vumbi.

Nesi akamgusa Tepe begani.

"Mgonjwa wangu amebadilisha neno," alisema. "Panda. Lakini kwanza nawa mikono."